Samaki wa chini ya tangi na mlo wake: namna ninavyowalisha hapa Kampala

Leo usiku, kabla hujaenda kununua kopo jingine la chakula, zima taa ya tangi la samaki na ya sebuleni, ngoja kama nusu saa, kisha rudi na tochi ya simu. Ifunike kwa kidole mwanga utoke mwembamba. Mtafute pleko, yule samaki wa mdomo wa kunyonya. Saa hizo huwa amejibandika kwenye kioo, tumbo likikutazama. Pleko aliyeshiba ana tumbo bapa au lililotuna kidogo. Ukiona limebonyea kwa ndani na macho yamedidimia, huyo ana njaa, tena si njaa ya jana. Sasa shusha tochi kwa koridorasi, wale samaki wadogo wenye masharubu wanaochakura mchangani. Wamulike kwa mbele, uso kwa uso: upande wa chini uwe na umbo la mviringo. Aliyekonda nyuma ya kichwa mpaka kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili naye mhesabu pamoja na pleko mwenye njaa.

Kazi yangu ni kutunza matangi ya watu, Kampala na Entebbe: ya kliniki, ya hoteli ndogo, ya majumbani. Nakwenda kwa boda na ndoo, mpira wa kunyonyea maji, na kipande cha paipu nitakachokieleza mbele. Kila mwezi lazima nipigiwe simu na mtu ambaye samaki wake wa juu wananawiri ilhali wa chini wanakufa mmoja mmoja, na maji ni safi. Nikifika na kumulika matumbo, mara nyingi sihitaji kuuliza swali la pili.

Chanzo ni ile imani kwamba samaki wa chini ni mfagizi. Hajati mmoja wa Bombo aliona vidonge vya kuzama kwenye bili yangu akanishika mkono: "Mwanangu, si yule aliyeniuzia alisema hawa ndio wasafishaji? Msafishaji tena analishwa?" Nikamjibu, "Hajati, yule dada anayekufagilia ua, mchana humpi posho?" Akacheka, akalipa.

Kweli ni kwamba hakuna samaki wa chini kati ya hawa anayeishi kwa kinyesi cha wenzake. Mabaki anaweza kuyaokota, lakini kinachofika chini kwenye tangi lenye samaki wa juu wenye pupa ni makombo machache yaliyoloweka hadi vitamini zake zimeyeyukia majini. Lazima awe na chakula chake mwenyewe, kiwekwe chini, kwa saa yake, na kisiwe kile kile kila siku. Hayo tu. Yanayofuata ni namna ya kuyafanya bila kumaliza mshahara kwenye makopo ya kutoka ng'ambo.

Mtazame mdomo kwanza

Watu wengi huweka koridorasi, pleko na sinodonti pamoja, wakawatupia kidonge cha aina moja. Hawa watatu hawali sawa.

Koridorasi asili yake ni mito ya Amerika ya Kusini. Mdomo wake mdogo uko chini, na pembeni una masharubu anayoyatumia kunusa na kuonja mchanga. Huchota mchanga mdomoni, huchuja, na mchanga ukatokea kwenye matamvua. Anachotafuta humo ni vijidudu: mabuu ya wadudu, minyoo midogo, vijikamba. Kwa hiyo ni mla nyama, ila nyama ya ukubwa wa punje. Huishi kwa kundi, wasipungue 6, na wakiwa wachache huogopa hata kula. Ukimwona anapanda juu ghafla kumeza hewa usishtuke, kwani utumbo wake unaweza kuvuta oksijeni kutoka kwenye hewa hiyo. Ila wakipanda wote kila dakika, maji yana shida.

Pleko mwenye ndevu puani, Ancistrus, ana mdomo wa kunyonya wenye meno mengi membamba ya kukwangua. Utumbo wake ni mrefu, umejizungusha, kama ilivyo kwa wanyama wengi wa kula majani. Hukwangua mwani na ule utando laini unaoota juu ya miti na mawe. Mpe mboga kwa wingi na protini kidogo. Mwachie pia kipande cha mti ndani ya tangi, maana hukikwangua mwaka mzima. Angalizo la haraka: pleko wa kawaida anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole hufika zaidi ya sentimita 40, na huyo si wa tangi la sebuleni. Wala usiniletee kifaranga wa kambare kutoka bwawa la mfugaji ukamweka na hawa. Atawala wote, kisha atakula na mpango wako.

Sinodonti ni wa kwetu. Ziwa Victoria lina wake, wavuvi wa Buganda huwaita nkolongo, na kwenye matangi yupo pia yule wa bonde la Kongo, Synodontis nigriventris, anayeogelea kichalichali na hufika kama sentimita 10. Anakula karibu kila kitu: wadudu, konokono, minyoo, mboga kidogo. Huyu wa Kongo ananifurahisha kwa sababu anahesabiwa kati ya samaki wa chini, lakini usiku utamkuta juu, tumbo limeelekea hewani, anaokota wadudu walioangukia maji. Ukimshika kwa wavu uwe na subira. Miiba ya mapezi yake hujifunga ikanasa nyuzi, naye atakukoromea.

Chakula kifike chini

Kabla ya kuzungumzia nini cha kulisha, tuzungumzie njia. Chakula kizuri kinacholiwa na samaki wa juu njiani ni hasara.

Hapa kwetu karibu na ikweta jua linazama kama saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo ratiba haibadiliki. Saa kumi na mbili na nusu nawapa wa juu chakula chao, upande mmoja wa tangi. Saa moja na nusu taa inazimwa. Saa mbili usiku, wa juu wametulia, ndipo nawapa wa chini. Koridorasi atakula hata mchana akipewa nafasi, lakini pleko na sinodonti ni watu wa giza, na ukiwalisha saa sita mchana unawalisha majirani zao.

Sasa ile paipu. Nenda duka la vifaa vya ujenzi uombe kipande cha paipu ya plastiki ya kupitishia nyaya za umeme, milimita 20, kirefu kuliko kina cha tangi. Ioshe kwa maji moto bila sabuni. Weka kisahani cha udongo, kile kinachowekwa chini ya chungu cha maua, juu ya mchanga kwenye kona yenye kivuli. Ukilisha, shusha paipu mpaka iguse kisahani, loweka kidonge majini kidogo kisielee, kitumbukize ndani ya paipu, ngoja kitue, ndipo uinue paipu taratibu. Chakula kinabaki kwenye kisahani. Baada ya siku chache utawaona koridorasi wakikusanyika pale ukiinua tu mfuniko. Asubuhi mabaki yako mahali pamoja, unayanyonya kwa mpira kwa sekunde, huchimbi tangi zima.

Kisahani kina faida nyingine kwa wenye changarawe. Chembe za chakula huzama kati ya mawe ambako hakuna mdomo unaofika, huoza huko, na uchafu huo pamoja na kingo kali za mawe hula masharubu ya koridorasi yakabaki vishina. Dawa hasa ni kubadilisha uweke mchanga laini. Ule mchanga wa ziwa wa wajenzi unafaa ukichekechwa na kuoshwa hadi maji yatoke meupe.

Kidonge ni msingi, si mlo mzima

Ninaanza na kidonge cha kuzama kwa sababu kina vitamini na madini ambayo mtu wa nyumbani hawezi kuyapima. Siku 3 au 4 za wiki, msingi ni huo. Soma viambato, hasa cha kwanza. Kwa koridorasi na sinodonti nataka kuona samaki, kamba au wadudu mwanzoni, si ngano. Kwa pleko nataka mwani au mboga, na hivyo vidonge bapa vya kijani vinamfaa.

Jihadhari na chakula kilichopimwa upya kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kisicho na jina wala tarehe. Ni rahisi, naelewa, lakini mafuta ya samaki yakikaa wazi kwenye joto na mwanga yanaharibika, na hujui yamekaa kiasi gani. Afadhali kopo dogo lililofungwa kuliko kaveera kubwa. Ukishalifungua liweke pakavu, mbali na jiko.

Kuna wanaouliza kuhusu chakula cha vifaranga wa kambare cha wafugaji wa Kajjansi na kwingineko. Protini yake ni nyingi, lakini kimetengenezwa samaki anenepe haraka auzwe, na kingi kinaelea. Nikikipata cha punje ndogo nakiloweka na kuwapa sinodonti mara moja moja. Pleko simpi kabisa.

Mukene, wale wanaoliwa na watu

Protini nafuu kuliko zote Uganda hutoka ziwani usiku. Wavuvi huwavuta mukene, yaani dagaa wa ziwani, kwa taa, asubuhi huwaanika, na tofauti inaanzia kwenye kuanika. Wako wanaoanikwa juu ya vichanja vya nyavu, na wako wanaomwagwa mchangani. Wa mchangani ndio wanaojaa kwenye magunia ya chakula cha kuku. Hao waache. Mwambie mama anayeuza unataka wa kula, hata kama samaki wako ni wa vidole viwili.

Chota kiganjani uwatazame. Mzuri anang'aa fedha, mgongo mzima, hana ugumu wa chumvi. Akiwa na rangi ya kutu tumboni, mafuta yameshaoza. Harufu nayo itakuambia, maana mukene mzuri ananuka samaki, mbaya ananuka rangi ya kupaka ukuta. Waliokaangwa au kutiwa chumvi na pilipili ni wako na posho yako, yaani ugali, si wa tangi.

Wakati wa kuosha, kosa la wengi ni kumwaga maji pamoja na samaki kwenye chujio, mchanga ukarudi juu yao. Wamwage mukene kwenye bakuli kubwa la maji baridi, koroga kwa mkono, ngoja mchanga utue, kisha uwainue mukene kwa vidole na kuwahamishia bakuli jingine. Maji ya kwanza yanabaki na mchanga wake. Rudia mpaka ukisugua vidole chini ya bakuli husikii chembe. Ndipo uwachemshe dakika 5 bila kitu chochote, uwachuje na kuwaponda kwenye kinu kidogo. Kuchemsha kunawalainisha, kunapunguza chumvi iliyojificha, na kuna sababu nyingine: samaki wabichi wa jamii kadhaa wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na moto ndio unaokimaliza. Kwa hiyo hata mukene wabichi kutoka Ggaba nawapitisha motoni.

Ukiwa unachambua utakuta humo vijikamba vidogo vilivyojikunja, Caridina nilotica, vilivyonaswa pamoja na mukene. Watu wa mapishi huvitupa. Mimi navitenga kwenye chupa yake. Viloweke usiku kucha, vipe koridorasi na sinodonti vizima vizima. Ganda lake linasaidia tumbo na lina rangi asilia, na koridorasi wangu wa shaba huonekana wamekolea wakivipata mara kwa mara.

Mukene nawapa mara moja au mbili kwa wiki, si zaidi, kiasi cha kijiko cha chai kisichojaa kwa kundi la koridorasi 6 na sinodonti mmoja. Ni samaki wa mafuta, na mafuta hayo yakibaki yanatanda juu ya maji.

Minyoo, na sehemu za kutoichukua

Hakuna chakula kinachowaamsha koridorasi kuliko mnyoo wa ardhini. Chini ya majani makavu kwenye shamba la matoke wapo tele, hasa mvua ikishanyesha. Chukua kwenye shamba usilolipuliza dawa. Waweke siku nzima kwenye kopo lenye karatasi safi yenye unyevu watoe udongo tumboni, waoshe, kisha uwakatekate kwa wembe vipande vya milimita chache. Kwa sinodonti mkubwa kata vipande virefu zaidi. Minyoo myekundu ya kwenye mboji, ile inayotoa majimaji ya manjano ukiiminya, wengi huionja na kuitema, kwa hiyo usijichoshe.

Minyoo myekundu ya damu inayouzwa ikiwa imegandishwa ni mizuri. Hao ni mabuu ya wale usubi wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji kule Entebbe, au ndugu zao. Shida yetu ni umeme. Pakiti iliyoyeyuka na kuganda tena imeshaharibika, na muuzaji hatakuambia friza lake lilikaa saa ngapi bila moto. Angalia pakiti: vipande vikiwa vimegandana na kuacha barafu ya rangi ya damu pembeni, irudishe. Iliyokaushwa huelea, kwa hiyo iloweke dakika 10 na kuiminya chini ya maji. Vaa glavu au tumia kibano, kwa kuwa baadhi ya watu hupata mzio, mikono ikawasha na macho kuvimba.

Sasa makatazo. Usichote minyoo ya tope kwenye mfereji wa Nakivubo wala mtaro wowote wa mji, hata ukiiona imejaa kama zulia. Inaishi pale kwa sababu pana maji taka, na yaliyomo kwenye maji taka yamo ndani yake. Usiingie miguu mitupu kwenye ukingo wa ziwa kutafuta konokono wa sinodonti: kichocho kinaenezwa na konokono hao hao wa majini, na kinaingia kupitia ngozi. Ukitaka konokono, wafuge kwenye ndoo safi kutokana na wale wanaozaliana wenyewe matangini. Na kufuga viluwiluwi vya mbu kwenye ndoo nyuma ya nyumba, katika nchi yenye malaria kama hii, ni kuwachokoza majirani. Tena vinaning'inia juu ya maji, koridorasi hafaidi.

Funza wa nzi askari mweusi, ambao siku hizi vijana wengi wanawafuga kwa taka za jikoni, wana mafuta mengi. Kwa kila sinodonti, funza mmoja kwa wiki, amekatwa, anatosha. Msimu wa senene mwezi wa kumi na moja, watoto watataka kushiriki. Ruhusu mmoja mbichi, bila mabawa wala miguu, kwa sinodonti mkubwa. Waliokaangwa na vitunguu watoto wamalizie wenyewe.

Mboga za pleko

Hapa mkoba ni mwepesi. Tango ni rahisi kuliko zote: menya ganda kwa sababu ya dawa za shambani, kata kipande kinene kama kidole, kichome uma wa chuma kisichopata kutu kizame, kiweke jioni. Pleko hula ule ute wa katikati, asubuhi unakuta pete. Lakini tango ni maji matupu. Likiwa ndiyo mboga pekee, pleko anashiba bila kupata kitu. Boga ni bora zaidi. Lichemshe hadi kisu kipite kwa shida kidogo, lisivurugike. Njegere zichemshe dakika 2, zivue ganda, zibonyeze zifunguke. Hizi hata koridorasi huzionja. Doodo, ule mchicha wetu, na sukuma wiki zipitishe kwenye maji yanayochemka zilainike, kisha uzifunge kwenye jiwe. Karoti iive kabisa.

Mboga isikae majini zaidi ya usiku mmoja. Boga likipitisha hapo huanza kutoa utando mweupe, na siku ya pili tangi lote limechafuka. Pleko mgeni anaweza kuikataa mboga siku za mwanzo kwa sababu hajawahi kuiona. Itoe asubuhi, irudishe mpya jioni, usikate tamaa.

Mkate, posho, wali, biskuti: hapana. Nyama ya ng'ombe nayo mafuta yake huganda kwenye joto la maji ya tangi, na samaki hawa si wa kuyamudu.

Jeli ya nyumbani

Hii ndiyo inayoniokolea wateja wenye samaki wengi, na ndiyo njia nyepesi ya kumpa kila mmoja mchanganyiko unaozama na usiotawanyika.

Utahitaji mukene waliooshwa, kuchemshwa na kuchujwa, gramu 100. Njegere zilizomenywa nusu kikombe. Doodo iliyochemshwa na kukamuliwa, konzi moja. Karoti ndogo moja iliyoiva. Maji mililita 250. Na jelatini isiyo na sukari, rangi wala ladha, gramu 20. Jeli ya watoto ya pakiti ina sukari, iache dukani.

Saga mukene na mboga kwa nusu ya maji mpaka uwe uji mzito. Nyunyiza jelatini juu ya robo ya maji yakiwa baridi, iache dakika 5 ivimbe, kisha mimina robo iliyobaki ikiwa ya moto sana, koroga hadi isionekane chembe. Changanya na uji, mimina kwenye trei kwa unene wa nusu sentimita, weka kwenye friji saa 3. Ikishika, kata vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, vipange kwenye karatasi visigusane, ugandishe. Vikishakuwa vigumu vitie kwenye kaveera kimoja. Chukua kipande, kiyeyushe kwenye kikombe cha maji ya tangi, kishushe kwa paipu.

Kwa Hajati situmii jelatini, kwa sababu hataki kitu asichojua kimetoka kwa mnyama gani kiingie kwenye sufuria yake. Kwake natumia aga-aga, unga unaotokana na mwani, gramu 5 kwa maji yale yale. Huu lazima uchemke dakika 2 hadi uyeyuke wote, halafu uache upoe mpaka unaweza kuugusa kwa kidole bila kuungua, ndipo uchanganye na uji upesi, maana ukipoa zaidi unashika kwenye sufuria. Usisubiri hata kidogo hapo. Jeli ya aga-aga ni ngumu zaidi kuliko ya jelatini, na pleko huikwangua kwa raha.

Kwa tangi la pleko watupu, geuza vipimo: mukene gramu 30, mboga ziongezwe mara mbili. Usitie nanasi wala papai bichi kwa kutaka vitamini, kwani vina vimeng'enya vinavyozuia jelatini kushika, utabaki na supu.

Kipimo, na siku za mkosi

Kwa koridorasi 6 naanza na vidonge viwili vya ukubwa wa njegere. Vikiisha kabla ya nusu saa naongeza kimoja kesho yake. Vikibaki baada ya saa 2 napunguza. Siku moja ya wiki hawapati kitu isipokuwa pleko na mboga yake. Maji ya tangi lisilo na hita hapa Kampala mara nyingi ni digrii 22 hadi 25, na siku za mvua yakishuka tumbo nalo hufanya kazi polepole, kwa hiyo nakata kipimo.

Umeme ukikatika, usilishe. Filta imesimama, pampu ya hewa imesimama, na protini inayooza chini inatoa amonia ambayo hakuna wa kuiondoa. Samaki mzima mwenye afya anavumilia siku kadhaa bila chakula kwa urahisi kuliko usiku mmoja ndani ya maji mabovu. Umeme ukirudi, ngoja filta ifanye kazi saa chache kwanza.

Na ukisafiri kijijini kwa Idi au Krismasi, usimwachie jirani kopo ukamwambia "wape kidogo". Pima mwenyewe, funga kila mlo kwenye karatasi yake, andika siku juu. Mwonyeshe paipu, mfundishe kutoa mabaki asubuhi. Kisha chukua kopo lenyewe, lifungie kabatini, na ufunguo uondoke nao.